Mama, Paa Bila Kuta Si Nyumba

Mama yangu mpenzi,

Leo nimeamkia nyumbani. Si kule Suna, Migori, kwenye nyumba ya kupanga. Niko hapa hapa bomani kwako, karibu na Asumbi, na baridi ya Julai imenikuta kitandani kabla ya jogoo. Ukungu umekalia migomba, nyasi za njiani zimelowa, ukitembea hatua ishirini suruali inakushika miguu mpaka magotini. Watu wa kule chini ziwani, wa Homa Bay na Kendu Bay, hutucheka tukisema kwetu kuna baridi. Waje huku saa kumi na moja alfajiri wakiwa na mtungi mkononi, ndipo tuongee.

Boke ndiye aliyeniambia nikuandikie. "Ukianza kuongea juu ya mama unalia, na watoto wanaogopa," alisema. "Si uandike tu?" Unamjua mkweo, akisema neno mara mbili hangoji la tatu. Basi naandika, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha ninyi wawili, yeye na Kikuria chake, wewe na Kijaluo chako, kila mmoja akikivunja viungo kwa upande wake, na mkielewana kuliko mimi na yeye tunavyoelewana.

Nataka kukumbuka kwanza. Lawama itafika, haina haraka.

Nakumbuka nyumba yako ya nyasi wakati wa baridi. Ulianza kujiandaa tangu Juni. Ulikusanya kuni kavu na kuzificha chini ya kitanda, ukaziba dirisha kwa gunia, ukaikandika mianya ya ukuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe mpaka vidole vikakauka na kupasuka. Jioni ulileta makaa ndani ya karai, ukayaweka katikati ya chumba na kuacha mlango wazi kidogo, nasi tukayazunguka, magoti yakiungua na migongo ikiganda. Kisha nyuka, ule uji wako wa wimbi na mtama uliokamuliwa ndimu. Mimi ulinipa wa mwisho, na kaka Odhiambo alilalamika kila siku kwamba wa mwisho ndiye anayepata ule mzito.

"Ndiyo maana anaitwa chogo," ulimjibu. "Kitinda mimba chakula chake iko chini ya sufuria. Wewe uliza Mungu kwa nini ulikimbia kuzaliwa."

Chogo. Hakuna mtu anayeniita hivyo sasa. Kwa Boke mimi ni baba watoto, kwa wateja wangu ni fundi, kwa Odhiambo ni Ochieng'. Lile jina ulienda nalo.

Baridi tuliiweza, Mama. Kilichotushinda ni maji. Chemchemi iko bondeni, kwenda ni mteremko na kurudi ni mlima, na mlima wenyewe unaupanda ukiwa na lita ishirini kichwani. Ulilazimika kwenda alfajiri, kwa sababu jua likitoka ng'ombe wanafika, na ng'ombe wakifika maji yanakuwa chai ya maziwa. Ulivaa gambuti za marehemu baba zilizokupwaya, sweta yangu ya shule iliyotoboka viwiko, na leso mbili, moja kiunoni na nyingine umeizungusha ngata. Ukitoka nje hukufunga mlango kwa kishindo. Ulidhani tumelala. Mimi nilikuwa macho kila siku, nikisikiliza gambuti zile zikipiga kwata kwenye tope mpaka zikapotea.

Nilipofika darasa la tatu ulianza kunichukua na kidumu changu kidogo. Siku ya kwanza niliuzamisha mkono wote ndani ya maji nikapiga ukelele. Vidole viliacha kuwa vyangu. Uliweka mtungi chini, ukanivuta, ukaichukua mikono yangu miwili na kuiingiza kwenye makwapa yako, ndani ya sweta, kwenye ngozi. Ulishtuka mwenyewe kwa ubaridi, nikakuhisi unatetemeka, lakini hukuitoa.

"Hapa ndio jiko ya mama," ulisema. "Kaa kidogo, moto itashika."

Nina umri wa miaka thelathini na minane na bado mikono yangu inaijua ile sehemu.

Maji yale uliyapitisha kwenye kazi mbili kabla ya kuyaaga. Yaliyoosha uso yaliosha miguu, yaliyoosha mboga yalikwenda kwa kuku, yaliyosuuza vyombo yalimwagwa kwenye mche wa mpapai. Mgeni akiomba maji ya kunywa ulimpa kikombe kilichojaa mpaka juu, ukasimama karibu naye ukimtazama anavyokunywa, nami nilijua unaomba kimyakimya amalize. Wengine walikunywa nusu na kumwaga nusu mlangoni. Uliingia ndani ukakohoa kidogo, basi.

Na mvua ilinyesha, Mama! Hicho ndicho kinachoniuma. Hapa si jangwani. Mvua ilipita juu ya vichwa vyetu kila mwaka, ikateremka kwenye nyasi za paa, ikatoka rangi ya kahawa ikinuka moshi, haifai hata kufulia. Nilipopata kazi nilikuomba nikuwekee mabati. Ulikataa kata kata.

"Mabati ni friji," ulisema. "Hii mifupa nilaze kwa friji? Nyasi inanipa joto. Haiwezi kunipa joto na inipe maji pia. Hata wewe ukiombwa vitu viwili utatoa moja."

Ulikuwa na haki yako. Nyasi hushika joto, mabati hayashiki. Nimelala chini ya mabati usiku wa jana na nimeamini kila neno.

Lakini angalia kazi niliyoichagua. Nilikwenda Suna nikawa fundi wa magata, ile mifereji ya paa, na matangi. Tangu asubuhi hadi jioni niko juu ya ngazi kwenye ukingo wa paa la mtu, nikipiga misumari, nikipima mwinamo, ili tone lisipotee. Nimewawekea maji walimu, wenye maduka, wachuuzi wa mitumba, makanisa mawili na msikiti mmoja. Watu wananisifu kwamba gata langu halivuji. Na mama yangu anashuka bondeni kabla ya mapambazuko. Mganga hajigangi, watu husema wakicheka. Mimi sikucheka.

Ulipokuja kwangu mara ya kwanza Boke alikuonyesha bomba la uani. Ulilifungua, ukalifunga, ukalifungua tena. Ukanawa mikono haraka haraka kama mtu anayeiba. Boke akakwambia, "Mama, nawa pole pole, hii maji haiishi."

"Kila maji inaisha, mama wa watoto," ulimjibu. "Hii yenu ni vile tu hamjaona mwisho yake."

Tulikusihi ubaki. Ulikaa siku nne. Siku ya tano ulikuwa umefunga leso yako tangu asubuhi, unauliza gari linaondoka saa ngapi. Nani angefungua lango la boma, ulituuliza, na kuku wangelishwa na nani? Nilimlipa mtu wa pikipiki awe anakuletea mitungi minne kila wiki. Ulimpokea kwa heshima, ukamkaribisha uji, ukawanywesha ng'ombe yale maji, kisha ukashuka chemchemini kuchota ya kwako. Hukumwamini anakoyatoa. Mama, ulikuwa mgumu, tuseme ukweli, na mimi nimekurithi.

Basi nilikuwa na njia moja tu, au nilidhani hivyo. Nijenge nyumba yangu bomani, ndogo tu, ya mabati, niifunge gata, nisimamishe tangi, wewe uendelee kulala kwenye joto la nyasi zako na uchote maji hatua thelathini kutoka mlangoni. Nilikuwa tayari. Mbao nilikuwa nazo, mabati nilikuwa nayo. Kilichonizuia unakijua, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mlinzi wake. Kwetu mdogo hajengi bomani mkubwa wake akiwa hajajenga. Akimtangulia amemkalia kaka yake kichwani, chira, laana ya kuvunja mwiko, itaingia, na tangu siku ile mtoto akikonda au ng'ombe akivunjika mguu, macho yote yanamgeukia yeye. Na Odhiambo hakuwa amejenga. Alikuwa anaendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala, nyumbani anapitia kwa simu, na kila mwaka neno lake lilikuwa hilo hilo, Desemba nakuja kujenga. Desemba zikapita sita.

Mwaka wa nne nilikuja nikiwa nimekasirika. Nilikwambia nitajenga, atakayekasirika akasirike. Ulikuwa unapepeta mtama. Uliendelea kupepeta.

"Ochieng'," ulisema, na uliponiita hivyo nilijua nimeshindwa. "Mimi niliwazaa kwa mpangilio. Usinipangulie watoto."

"Na maji je, Mama?"

"Maji nimebeba tangu nikuje hapa nikiwa msichana. Shingo yangu imezoea. Ngoja mkubwa wako. Subira huvuta heri."

Nikasubiri. Kuna msemo mwingine, ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini huo hakuna mtu aliyenikumbusha.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sijamwambia mtu, hata Boke. Ilikuwa Julai ya mwaka jana, asubuhi kama saa mbili. Nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja, gata nimelishika kwa mkono mmoja na msumari uko mdomoni. Simu ikalia. Ni wewe. Nikaibana kati ya bega na sikio.

"Chogo," ulisema, na sauti ilikuwa na mkwaruzo. "Leo maji ilikuwa baridi mpaka mkono ikakataa kushika kikombe. Nimeanguka kidogo pale kwa mawe, mvua ikaninyeshea nikiwa chini. Lakini nimefika. Mtungi haikupasuka."

Mtungi haikupasuka! Ulinipa habari za mtungi kwanza. Na mimi, Mama, nilikwambia, "Pole, Mama. Kunywa uji, ota moto. Niko juu, nitakupigia." Nikakata. Nilimaliza kazi jioni, mwenye nyumba akaleta chai, tukapima tangi lake jipya, mvua ndogo ikanyesha na maji yakaingia vizuri, akafurahi, nikafurahi. Sikupiga. Siku iliyofuata nilipiga ukasema ni kikohozi cha baridi tu, unakunywa maji ya moto na limau. Nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Siku ya sita jirani yako alinipigia akasema, "Njoo, mama haongei vizuri." Daktari alisema nimonia, na akasema umechelewa kuletwa. Ulikaa hospitalini siku tatu. Siku ya pili nilikushika mikono, ilikuwa baridi kama siku ile ya chemchemi, na nikafanya ulivyonifanyia, nikaiingiza ndani ya shati langu. Ulifumbua macho ukanitazama. Sijui kama ulinijua. Naomba iwe ulinijua.

Mama, unajua kilichotokea baada ya hapo? Odhiambo alifika na lori la mwajiri wake. Alipoingia langoni alipiga magoti kwenye tope, mwanamume wa miaka hamsini, akasema mbele ya wote, "Mimi ndiye nilifunga mlango." Kisha wazee wakamwambia hawezi kukuzika akiwa hana mahali pa kulala ndani ya boma la baba yake. Mafundi wakaitwa. Nguzo zikachimbiwa Jumatatu, kuta zikasimama Jumanne, na Jumatano mabati yakapigwa misumari, nami nikiwa mmoja wa waliopiga. Siku tatu. Nyumba iliyoshindikana miaka sita ilisimama kwa siku tatu, ili wewe uzikwe. Kila msumari niliopiga niliuuliza ulikuwa wapi miaka yote ile.

Na maji yakaja. Bouza la maji lilipanda mlima likavuruga tope la langoni, watu wakaazima matangi, wakajaza kila chombo. Wageni walinawa mikono hadi viwiko. Niliona mtu akisuuza viatu. Boma lako halijawahi kuwa na maji kama wiki ile, na wewe ulikuwa ndani ya sanduku sebuleni hujui.

Lakini hicho nacho sicho kilichonivunja. Siku moja kabla ya mazishi mvua ilianza mchana, na wanawake waliokuwa wakipika nje wakapiga kelele moto utazimika. Vijana wakachukua mabati yaliyobaki kwenye nyumba ya Odhiambo, wakachimbia nguzo nne, wakayalaza juu yake kwa kuyainamisha kidogo. Kazi ya nusu saa. Moto ukapona. Halafu mama mmoja akaona maji yanavyotiririka upande mmoja wa bati, akasukuma sufuria kubwa pale chini. Ikajaa. Akasukuma pipa. Nilisimama na nyundo mkononi, nikatazama pipa likijaa maji safi, meupe, bila nyumba yoyote.

Nilimwendea baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, yule ambaye neno lake kuhusu mila hakuna anayelipinga. Nikamwonyesha. Nikamuuliza kama ningefanya vile miaka yote ile, nguzo nne na mabati manne na tangi, ningekuwa nimevunja mwiko.

Alinitazama kwa mshangao. "Hiyo? Hiyo si nyumba. Paa bila kuta si nyumba, hata kuku hailali hapo. Nani angekukataza?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza," alisema. "Na wewe ndiye fundi."

Yeye akaenda zake kupokea wageni.

Sikuuliza, Mama. Nilijua mwinamo wa kila gata Migori nzima. Nilijua maji yanahitaji bati na bati linahitaji kitu cha kulishikilia, na katika akili yangu kitu hicho kilikuwa nyumba, na nyumba ilikuwa ya Odhiambo kwanza, na Odhiambo alikuwa Desemba. Nilishika mila kwa mikono miwili nikaacha kufikiri. Miaka sita nilimlaumu kaka yangu moyoni, kumbe jibu lilikuwa kwenye mzigo wangu wa kazi, nalibeba kila siku kuwapelekea wengine. Hata wewe ungekubali. Ungenicheka kwanza, ungesema kibanda chenyewe kinafanana na mtu aliyevua shati, kisha ungeleta ndoo.

Watu wananiambia niache, kwamba siku zako zilikuwa zimefika. Padri alisema hivyo pia, kwa upole. Labda. Lakini siku zako zilipofika hazikupaswa kukukuta chini kwenye mawe, umelowa, ukiulinda mtungi. Hapo ndipo siwezi kujisamehe, na wewe peke yako ndiye ungeweza kunisamehe, na nilikuambia nitakupigia.

Odhiambo siku hizi hunipigia kila Jumapili. Hatuongei mengi. Ananiuliza kama nimekula, namuuliza barabara ikoje. Alipomaliza nyumba yake zamu yangu ikafika kwa utaratibu ule ule ulioutaka, na mimi nimejenga, Mama. Ndogo, mlango unatazama wako. Nyumba yako hatujaigusa, nyasi zimeanza kuinama upande wa jikoni. Wiki iliyopita nilifunga gata na tangi dogo. Wanangu waliniuliza kwa nini nalifunga huku nikilia, Boke akawaita ndani.

Nimeiacha barua kidogo nikatoka nje. Ni mchana sasa, mvua imeanza kunyesha kweli kweli, ya kwanza tangu nifunge tangi. Nimesimama mlangoni nikalisikia likipokea, kwanza kwa kishindo cha kitu kitupu, kisha kwa sauti nzito, kisha kimya. Gata halivuji hata tone. Tangi limejaa, Mama. Limejaa mpaka juu na sasa linamwagika, maji safi yanapita uani mpaka mlangoni kwako, na mimi nimesimama hapa sina wa kumwita alete ndoo.

Pumzika, mama yangu. Usiamke mapema.

Ni mimi, mwanao wa mwisho.